Kisu kidogo ya kukunja ya mu mfuko: Opinel, Okapi ao ile ya Uswisi?

Kijana_Kamalondo: Jambo bandugu. Niko natafuta kisu kidogo ya kukunja ya kutembea nayo kila siku. Natumika mu depo, nafungua makarto tangu asubuhi mpaka mangaribi, nakata kamba, saa sita namenya embe. Niko nasita kati ya tatu: Opinel namba 6 ya Ufaransa, Victorinox ya Uswisi ile kadogo ya makasi, na Okapi. Sitaki kitu ya kutisha bantu.

Fundi wa Katuba: Okapi njo yetu haha, jina ni ya nyama yetu ya mu pori ya Ituri, Kongo, lakini kisu yenyewe ilianzia Ujerumani 1902, sasa inatoka Afrika Kusini. Inanoleka mbio na haikuli falanga. Shida ukiifungua inalia kra-kra-kra, depo nzima inageuka kukuangalia, na huko Afrika Kusini ilipata sifa ya kisu ya majambazi, polisi akiiona tu unaanza kueleza.

Mama Ruashi: Kwa nini ujitafutie maneno? Chukua ya Uswisi. Ikifungwa ni milimeta 58, gramu 21 hivi, inakaa pamoja na funguo na husikie kama iko. Miye makasi yake natumia kupita kisu: nyuzi, lebo, kucha za batoto. Ila kwa makarto yote hayo... haina ya kufungia chuma, ukisukuma vibaya inakunjikia vidole.

Mutu wa Birere: Kwa makarto ni Opinel, tusibishane. Ile pete ya ku shingo ya mupini walitia 1955, ukisha kufungua unaizungusha kidogo na chuma hairudi, na tangu 2000 unaweza kuifunga hata kisu ikikunjwa, basi haijifungui mu mfuko. Namba 6 chuma iko sentimita 7 na kidogo, embe inapita, karto inapita. Chukua inoksi, ile chuma haishike kutu mbio, sababu ile ingine, ya kaboni, ukimenyea embe ukairudisha na maji yake, kesho utakuta kutu. Tena mupini ni mti, wakati ya mvua inavimba na kisu inagoma kufunguka, usipigane nayo na kucha, gonga mwisho wa mupini juu ya meza, chuma itachungulia yenyewe. Na angalia alama ya mkono wenye taji ku chuma, ya kopi ni mingi.

Fundi wa Katuba: Kaboni munaionea bure. Ikigeuka kijivu ile si kutu, ni rangi tu. Panguza, tia mafuta kidogo, imeisha. Inoksi utasugua ku jiwe mpaka usinzie.

Kijana_Kamalondo: Miye niko muvivu wa kupanguza, fundi. Namba 6 inoksi. Na kwa ndege je? Kuko safari ya Kinshasa.

Mama Ruashi: Weka mu valizi yenye inaenda chini. Ukiisahau mu mfuko, ku kiwanja ya ndege ya Luano utaiacha palepale.