Kukagua nyumba mpya kabla dhamana ya mjenzi haijakwisha

Ndugu wanajumuiya,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tulikabidhiwa funguo za nyumba mpya huku Marekani miezi 9 iliyopita. Katika kijitabu cha dhamana tumesoma kwamba mwaka wa kwanza ukitimia, mjenzi hatawajibika tena kwa sehemu kubwa ya kasoro za ufundi, na jirani yetu ametushauri tumwite mkaguzi kabla ya siku hiyo kufika. Mume wangu haoni haja, kwa sababu nyumba haijatimiza hata mwaka na mkaguzi wa mji aliipitisha kabla hatujahamia. Mimi moyo haujatulia. Je, yupo aliyekwisha kulipitia jambo hili atuelekeze, hasa kuhusu wakati wa kukagua na namna ya kumwandikia mjenzi?

Asanteni sana.

*

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Nakusihi mwezi wa 11 tangu mkabidhiwe funguo usipite nyumba hiyo ikiwa haijakaguliwa.

Ni kweli kwamba nyumba ilipitishwa, lakini mkaguzi wa mji huja kuhakikisha kuwa sheria ya ujenzi imefuatwa, hukaa kwa muda mfupi, na si kazi yake kufuatilia kila bomba au kupima ubora wa ufundi. Tena yeye aliiona nyumba ikiwa tupu. Nyumba mpya huonyesha kasoro zake baada ya kukaliwa na kupitiwa na misimu: mbao za fremu huwekwa zikiwa bado na unyevunyevu, kisha hukauka na kunywea taratibu, hasa majira ya baridi joto la ndani linapowashwa, na ndipo vichwa vya misumari vinapochomoza kwenye jipsamu, milango ikaanza kukwama na nyufa nyembamba zikatokea kwenye pembe za madirisha. Udongo uliofukiwa kuzunguka msingi nao hudidimia. Ndiyo sababu mwezi wa 10 ni wakati mzuri: nyumba imekwisha kusema mengi, nanyi mnabaki na wiki za kutosha kupata ripoti, kuandika madai na kuyafikisha.

Dhamana nyingi huku hupangwa kwa ngazi tatu, yaani mwaka 1 kwa ufundi na vifaa, miaka 2 kwa mifumo ya mabomba, umeme na kiyoyozi, na hadi miaka 10 kwa kasoro kubwa za muundo wa nyumba. Someni kijitabu chenu wenyewe, kwa kuwa hazifanani zote, na hiyo miaka 10 isiwape usingizi. Maana ya "kasoro kubwa ya muundo" huwa finyu mno, na mambo mengi yanayomsumbua mwenye nyumba yako katika ule mwaka mmoja.

Kwetu mkaguzi alikuja mwezi wa 10. Alitumia saa 3 na zaidi, akapanda darini na tochi, kisha akaniita nipande ngazi nione mwenyewe. Bomba laini la feni ya bafuni lilikuwa limelala juu ya pamba ya kuzuia baridi, mdomo wazi, bila kuunganishwa na tundu la kutokea nje. Mvuke wote wa maji ya moto tuliyooga tangu tuhamie ulikuwa ukiishia mle ndani. Mbao za paa juu ya pale zilikuwa zimeingia doa jeusi lenye upana wa sinia, na ncha za misumari iliyopenya kutoka juu zilikuwa na kutu. Kule chini feni ilikuwa ikivuma vizuri kila siku, na nisingejua lolote. Mjenzi alituma fundi baada ya wiki 3, akaliunganisha bomba na kubadilisha mbao zilizoharibika. Lau tungeligundua mwaka uliofuata, gharama ingekuwa yetu.

Nje ya nyumba, mengine mnaweza kuyaona wenyewe. Kanuni ya ujenzi inayotumika katika sehemu kubwa ya nchi hii inataka ardhi ishuke inchi 6, yaani kama sentimita 15, katika futi 10 za kwanza kutoka kwenye msingi. Tokeni mara tu mvua kubwa inapokatika mtazame maji yanaelekea wapi. Yakisimama karibu na ukuta, pigeni picha inayoonyesha tarehe. Kama ukuta wa nje ni wa matofali, angalieni pia vile vitundu vidogo vya chini vinavyotoa maji nyuma ya matofali, maana mara nyingi huzibwa na saruji au hufunikwa na udongo wa bustani.

Mkaguzi mtafuteni wenyewe, asiwe mtu aliyeletwa na mjenzi. Baadhi ya majimbo humtaka awe na leseni na mengine hayamtaki, kwa hiyo ulizeni. Ombeni kuona ripoti aliyowahi kumwandikia mteja mwingine, na muulizeni kama yeye mwenyewe hupanda paani na darini. Akiwaambia ana kamera ya joto, ni vyema, ila kamera hiyo huona tofauti ya joto tu, haioni maji. Siku ambayo ndani na nje joto linalingana haitaonyesha kitu cha maana, na doa lolote inaloonyesha lazima lithibitishwe kwa kipima unyevu.

Kuhusu kuandika, msitegemee simu, hata kama anayepokea ni mpole kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Orodhesheni kila kasoro kwa namba yake, chumba ilipo, picha yake na ukurasa wake katika ripoti. Kumtumia mjenzi ripoti nzima bila orodha ni kumpa nafasi ya kuchagua anachotaka. Itumeni kwa njia ile ile iliyotajwa kijitabuni, na pamoja na barua pepe pelekeni barua ya rejista yenye stakabadhi ya kupokelewa, kwa sababu dhamana nyingine huhesabu siku barua ilipofika, si siku ilipotumwa. Fundi akija akasema kwamba kasoro fulani ni ya kawaida, mwombeni kwa heshima aandike hivyo na ataje kifungu.

Kaka yako

*

Ndugu zangu,

Naunga mkono, na ninaongeza mawili. Kwanza, bomba likipasuka au paa likivuja leo, msisubiri mwezi wa 10. Fungeni maji, zuieni uharibifu usienee, mtoe taarifa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hasara iliyoongezeka kwa kuchelewa huenda isilipwe. Pili, tunzeni risiti za vichujio vya kiyoyozi na za kusafisha mifereji ya paa, kwa maana mjenzi anaweza kukataa madai akisema nyumba haikutunzwa. Vilevile hita ya maji, kiyoyozi na jiko vina dhamana za viwanda vilivyovitengeneza, na baadhi hutaka mnunuzi ajiandikishe mapema.

Niseme pia linaloniuma. Wengi wetu tunaona haya kudai, kana kwamba ugeni unatunyima haki. Dhamana hiyo mliilipia ndani ya bei ya nyumba.

*

Asanteni sana, kaka na wote mliojibu. Nina swali moja lililobaki. Tukituma orodha kwa wakati, kisha mjenzi akavuta siku hadi mwaka ukapita, itakuwaje?

*

Dada,

Kwa kawaida kinachohesabiwa ni siku mliyotoa taarifa, si siku ya matengenezo, lakini hakikisheni kijitabu chenu kinasema hivyo, na mtake mjenzi akiri kwa maandishi kwamba ameipokea orodha na lini atarekebisha. Akikaa kimya, angalieni kifungu cha migogoro. Mikataba mingi hupeleka shauri kwa msuluhishi badala ya mahakama, na majimbo mengine yana utaratibu wa kumpa mjenzi notisi kabla ya kumshtaki. Likifika huko, tafuteni wakili wa jimbo lenu mapema.

*

Kaka,

Mkaguzi amepatikana na atakuja Jumamosi ya wiki ijayo saa 3 asubuhi. Shemeji yako amesoma ujumbe wako mara mbili, na amesema ni yeye atakayepanda naye darini.