Yule jamaa wa kofia kwenye James Bond

Wa Likoni: Wazee naombeni msaada, yule bodigadi bonge kwenye Goldfinger, ile sinema ya James Bond, anaerusha kofia mpaka kichwa cha sanamu chakatika, kweli alikuwa mwanamieleka?

Kibokoni: Kweli kabisa yakhe. Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii, alinyanyua vyuma akachukua medali ya fedha Olimpiki ya London 1948, baadae akaingia mieleka kwa jina la Tosh Togo, sinema ikaja 1964. Mle hana maneno, kazi yote ni macho na kale katabasamu, na bado watisha!

Mwana Majengo: Mie naona walimpunja, akaganda kwa majitu ya kutisha tu, hata tangazo la dawa ya kikohozi alikohoa mpaka nyumba ikavunjika. Kipaji kile chataka heshima jamani.