Tupeane uzoefu: mwanamieleka gani alitoka majeruhi akakunyima usingizi, na wapangaji wa mapambano wakamtumiaje?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba tuweke hapa kumbukumbu zetu za wanamieleka waliotoka majeruhi wakarudi ulingoni. Orodha za kumi bora zimejaa kila mahali, hizo tuziache. Eleza ulimwona wapi, ulijisikiaje, halafu uje kwenye swali ambalo kwangu ndilo zito: baada ya kelele za usiku ule wa kwanza, wapangaji wa mapambano, wale wanaoamua nani ashinde na hadithi iendeje, walimfanyia nini? Muziki wa kuingilia ukilia ukumbi lazima ulipuke, hapo hakuna ufundi. Ufundi unaonekana wiki za mbele, pale mtu aliyepasuliwa na kukaa nje muda mrefu anapopewa hadithi inayolingana na alichopitia, au anapopewa takataka.

Naanza mwenyewe na Edge. Aprili 2011 alipanda ulingoni kwenye Raw, kipindi cha kila wiki cha kampuni ya mieleka ya WWE, akatangaza kustaafu huku bado ana mkanda wa ubingwa wa World Heavyweight, siku chache tu baada ya kumshinda Alberto Del Rio kwenye WrestleMania XXVII, onyesho lao kubwa la mwaka. Pingili za shingo yake zilishaunganishwa kwa upasuaji mwaka 2003, na sasa madaktari walimwambia mfereji wa uti wa mgongo umebana kiasi kwamba akianguka vibaya anaweza kupooza au kufa. Kwenye mieleka tumezoea kuagwa leo na kesho mtu karudi, lakini ile niliiamini neno kwa neno.

Basi 26 Januari 2020, Houston, Royal Rumble, lile pambano la watu 30 wanaoingia mmoja mmoja kwa namba, na Edge akaingia namba 21. Kwetu ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, nyumba nzima imelala, naangalia kwa simu. Ule muziki ulipoanza nilisimama bila kujua. Kairudie ile video umtazame macho anapotokea kwenye moshi. Yale si maigizo, ni mtu aliyekaa karibu miaka tisa akiamini hatasikia tena kelele zile.

Wapangaji wakamkabidhi kwa Randy Orton. Wazo zuri, historia ipo, waliwahi kuwa timu. Lakini pambano lao la WrestleMania 36 lilirefushwa mno, dakika zaidi ya 30 ndani ya jengo tupu kwa sababu ya korona. Halafu la onyesho la Backlash wakalitangaza kuwa litakuwa pambano bora kuliko yote yaliyowahi kupigwa, kabla halijapigwa! Pambano lenyewe lilikuwa zuri, lakini kauli ile ilimbebesha mzigo mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaijaribu shingo yake. Humo humo msuli wa nyuma ya mkono ukachanika, akarudi nje tena.

Walichokifanya vizuri ni mwaka 2021. Alishinda Royal Rumble akianzia namba 1, na kwenye WrestleMania 37 wakamweka yeye na Daniel Bryan dhidi ya Roman Reigns. Wote wawili walishaambiwa na madaktari kwamba mieleka basi. Reigns aliwalaza mmoja juu ya mwenzake wakahesabiwa pamoja. Ilikuwa 11 Aprili 2021, miaka kumi kamili tangu Edge atangaze kustaafu. Mashabiki wengi walikasirika, mimi naona ndiyo njia pekee ya kumfanya Reigns aonekane mtu wa kuogopwa kwelikweli.

Karibuni.

Mdau, Tanga

Kaka, umegusa penyewe. Wengi mtawataja wanaume, mimi nakuja na Becky Lynch, mara mbili. Moja ya furaha, ya pili bado inaniuma.

Nyumbani kwetu mieleka ilikuwa ya kaka zangu. Kikianza kipindi mimi naitwa jikoni. Novemba 2018 nilikuwa nimeshaolewa, na mume wangu ndiye aliyenionyesha ile video: wanawake wa SmackDown, kipindi kingine cha WWE, wamevamia Raw, Nia Jax akarusha ngumi ikampata Becky usoni barabara. Pua imevunjika, kichwa kimetikisika, damu zinachuruzika mpaka kifuani, na yeye amesimama katikati ya mashabiki kanyoosha mikono. Akakosa pambano lake na Ronda Rousey kwenye onyesho la Survivor Series, nafasi akapewa Charlotte Flair.

Hapo wapangaji walikuwa na akili. Badala ya kumficha mpaka apone, damu ile ndiyo ikawa hadithi. Aprili 2019, WrestleMania 35, wanawake kwa mara ya kwanza wakapewa pambano la kufunga usiku, Becky akaondoka na mikanda miwili. Mwisho wake ulikuwa na dosari, bega la Ronda lilionekana limeinuka wakati wa kuhesabu, na sijui kwa nini pambano kubwa vile halikumalizwa kwa pigo safi. Lakini nililia, na sioni aibu kusema.

Mara ya pili ni onyesho la SummerSlam, Agosti 2021. Alikuwa ametoka uzazi, zaidi ya mwaka hajapigana. Si majeruhi, najua, lakini mwanamke aliyezaa anajua mwili unavyodai kurudi. Bingwa alikuwa Bianca Belair, aliyetoka kufunga usiku wa kwanza wa WrestleMania 37 na Sasha Banks, wanawake wawili weusi, jambo lililonifanya nimwite binti yangu aje aone. Becky akatokea, ukumbi ukawaka, kengele ikalia, na kwa sekunde 26 Bianca alikuwa ameshapokonywa mkanda.

Sekunde 26! Kurudi kwa mmoja kulipiwa na jasho la mwingine. Wangeweza kumtoa Becky, apokewe, wapeane macho, pambano lisubiri mwezi. Bianca alimvua Becky mkanda WrestleMania 38, na lile pambano lilikuwa tamu sana, lakini wanaosema eti mpango ulikuwa huo tangu mwanzo mimi hawanipati. Binti yangu aliuliza Bianca kafanya kosa gani. Sikuwa na jibu.

Mdau, Dodoma

Mimi ni wa enzi za kanda za video, mkuu. Tulikuwa tunalipia kibandani, kanda imechakaa mpaka picha inacheza.

Triple H, Mei 2001. Yeye na Stone Cold dhidi ya Chris Jericho na Chris Benoit. Anakimbilia kumwokoa mwenzake, mguu wa kushoto unakanyaga, msuli wa paja unakatika. Huoni kitu, haanguki kwa kishindo, unaona tu mguu umegoma. Na akaendelea! Akapandishwa juu ya meza ya watangazaji, Jericho akamkunja miguu, na msuli umeshaachia mfupa. Pambano likaisha kama lilivyopangwa.

Kanda ile ilinifikia wakati mimi mwenyewe nimelazwa na goti la mpira wa miguu, natembelea magongo. Halafu baadaye ikaja kanda ya Januari 2002, Madison Square Garden, New York. Sijawahi kusikia watu wakipiga kelele vile kwa mtu aliyekuwa adui wakati anaumia. Kabla ya majeruhi walimchukia, aliporudi alikuwa stelingi. Mazoezi ya goti nilikuwa nimeyaacha kwa maumivu. Niliyaanza tena.

Ila mleta mada, kwa swali lako: wapangaji walimharibia. Umepata stelingi aliyejengwa na maumivu ya kweli, wewe unamwingiza kwenye ugomvi wa ndoa na Stephanie McMahon na kisa cha mbwa kugongwa na gari la Jericho. Mbwa! Kisha WrestleMania X8 kule Toronto, The Rock na Hulk Hogan wakapangwa kabla yao. Watu walimaliza sauti zote pale. Triple H alipochukua mkanda kwa Jericho usiku ulikuwa umeshaisha zamani. Kupanga ni pamoja na kujua nani atangulie. Anayepika anajua mchuzi mzito hauliwi kabla ya uji.

Mdau, Nakuru

John Cena, Royal Rumble 2008, namba 30. Msuli wa kifua ulichanika Oktoba 2007, wote tulijua atakuwa nje hadi katikati ya mwaka. Januari akaingia. Hata waliokuwa wakimzomea walisahau kumzomea. Akashinda, na sawa kabisa alivyoshinda. Siri ile ilitunzwa. Siku hizi kila kitu kinavuja kwenye simu siku tatu kabla.

Mdau, Riyadh

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni dereva huku, na Novemba 2018 nilikuwa ndani ya uwanja kwenye onyesho la WWE la Crown Jewel. Nilikwenda kwa ajili ya Shawn Michaels, kipenzi cha marehemu kaka yangu.

Mnajua historia yake. Mgongo aliumia Januari 1998 kwenye pambano la jeneza na The Undertaker, Machi akapoteza mkanda kwa Stone Cold, akakaa nje miaka minne. Agosti 2002 akarudi kwa pambano moja tu dhidi ya Triple H, na lile moja likawa miaka minane. Kwangu huo ndio urejeo mkubwa kuliko wowote, kwa sababu Michaels wa mara ya pili alikuwa bora kuliko wa kwanza. Na mwaka 2010, WrestleMania XXVI, Undertaker akamstaafisha. Huo ulikuwa mwisho uliotimia, haukuhitaji kuguswa.

Wakaugusa. Yeye na Triple H dhidi ya Undertaker na Kane. Michaels na Undertaker wana miaka 53, Kane 51, Triple H 49. Triple H akachanika msuli wa kifua mapema, kinyago cha Kane kikamvuka, Michaels anaruka kutoka juu watu hawampokei vizuri. Nilikuwa nimekaa mbali lakini nilimwona Triple H kashika mkono mmoja tu. Waliokuwa karibu nami wakashangilia, mimi nilinyamaza. Si kwamba walikuwa wazembe, walijituma. Aliyewapanga ndiye ninayemlaumu, kwa sababu alichukua ahadi aliyopewa shabiki mwaka 2010 akaiuza kwa usiku mmoja.

Mleta mada, Morogoro

Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa kaka. Nakubaliana nawe kuhusu Riyadh, lakini mtu mzima kurudi si kosa lenyewe. Mtazame Stone Cold. Shingo ilivunjwa SummerSlam 1997 kwa pigo la Owen Hart, akaacha 2003, na Aprili 2022 akarudi kupigana na Kevin Owens. Miaka 19! Kilichomsaidia ni mpango: nyumbani kwao Texas, vurugu isiyo na sheria, hakuna kuruka, hakuna kuinuliwa hovyo, mpinzani mmoja anayejua kumlinda. Umri ule ule wa wenzake wa Riyadh na zaidi, matokeo tofauti kabisa.

Mdau, Mombasa

Wallahi huyu wa Riyadh ameeleza maneno mazito.

Langu ni la upande wa pili, mtu aliyepata nafasi kwa sababu mwenziwe kaumia. Februari 2019 Mustafa Ali alikuwa aingie Elimination Chamber, pambano la watu sita ndani ya kizimba la kugombea mkanda, akaumia, Kofi Kingston akawekwa badala yake. Siku chache kabla, kwenye SmackDown, Kofi alipigana zaidi ya saa nzima, akamwangusha Daniel Bryan, Jeff Hardy na Samoa Joe kwa zamu. Mtu wa miaka kumi na moja kwenye kampuni, mzaliwa wa Ghana, hajawahi kufikiriwa kwa mkanda mkubwa. Mashabiki wakakataa arudishwe nyuma.

Na bingwa alikuwa Bryan, ambaye mwenyewe aliondolewa 2016 kwa majeraha ya kichwa akarudishwa 2018. Wapangaji walimgeuza adui, na ikafaa, kwani alimlaza Kofi kwa maneno kila wiki mpaka sote tukataka alipizwe. Usiku wa WrestleMania 35, ule ule alioutaja dada wa Tanga, tulikuwa tumejaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Kofi aliposhinda, mzee mmoja asiyefuatilia mieleka kabisa alisimama akashangilia kwa kuwa ni Mwafrika.

Oktoba mwaka huo wakamleta Brock Lesnar. Pigo moja, sekunde zisizozidi kumi, kwisha. Na lililonichoma zaidi si kushindwa. Wiki iliyofuata Kofi alirudi kwenye timu yake akitabasamu kana kwamba hakupokonywa kitu. Hakuombwa kulipiza, hakuonyeshwa akiumia. Bingwa wa miezi sita akafutwa ili Lesnar apigane na Cain Velasquez huko Saudia. Tangu hapo sijaamka usiku kwa ajili ya Lesnar.

Mdau, Dar

Wangu mimi ni Cody Rhodes, Juni 2022, kifua kimevilia damu rangi ya zambarau mpaka mkononi, na bado akampiga Seth Rollins ndani ya kizimba cha Hell in a Cell. Mke wangu alishindwa kutazama.

Akarudi Januari 2023 namba 30, akashinda Rumble, halafu WrestleMania 39 akapoteza kwa Reigns. Wengi mlisema ni kosa kubwa. Mimi natofautiana, kwa sababu mwaka uliofuata walipotaka kumpa The Rock nafasi ya Cody, mashabiki walipiga kelele mpaka mpango ukabadilishwa. Angeshinda 2023 tusingeona hayo. Aprili 2024 Philadelphia alimaliza utawala wa Reigns wa siku 1,316, na niliona wazi kwamba safari hii walioandika walikuwa watazamaji.

Mdau, Nakuru

Mimi tena. Mdau wa Mombasa amemtaja Kofi, basi tumtaje na mwenzake wa timu, Big E. Machi 2022 alirushwa nje ya ulingo akatua kwa utosi, mifupa ya shingo ikavunjika. Nilikuwa natazama na kijana wangu, nikazima. Hajapigana tangu siku ile.

Kila Januari namba zikibaki chache kwenye Rumble, wenzangu huandika jina lake wakiomba muziki wake upigwe. Nawaelewa, nami nampenda. Lakini baada ya kusoma mifupa ya shingo inavyoungana, mimi siombi hilo. Anatembea, anacheka, anatangaza kwenye meza. Akitokea mpangaji wa kumshawishi aingie kwa dakika mbili tu ili ukumbi ulipuke, nitazima tena.