Asiyeweza kujibu, nani kasema hasikii?

Fundo: Wakuu, kuna utafiti wa 2007, wa wanasaikolojia Gray na wenzake. Waliwauliza watu zaidi ya 2,000 kuhusu mtoto mchanga, chura, roboti, maiti, hata Mungu: yupi ana akili kumzidi mwenzake? Ikaonekana tunapima vitu viwili, kutenda na kuhisi. Tunayemwona anatenda tunamlaumu, tunayemwona anahisi tunamhurumia. Sasa tukimsoma mtu vibaya, haki yake inakwenda wapi?

Msumari: Haki haijengwi juu ya dhana. Asiyejibu chochote miezi na miezi ni gogo tu, ndugu wanajifariji.

BintiMzee: Gogo? Baba yangu alilala miezi minne baada ya kiharusi. Siku moja muuguzi akasema kwa sauti, palepale kitandani, "Huyu haelewi kitu." Mzee alikuwa na mtindo wa kusugua pindo la shuka kwa kidole gumba, polepole, kutwa nzima. Kauli ile ilipotoka, kidole kikasimama. Nilikuwa nimemshika mkono huohuo. Rudia hilo neno lako.

Msumari: Pole dada, lakini kidole si ushahidi. Mwaka 1944 Heider na Simmel walionyesha watu filamu ya pembetatu mbili na duara vikienda huku na huku, na karibu wote wakasimulia ugomvi na uonevu. Tunaona nafsi hata penye michoro.

Kisima: Na tunashindwa kuiona ilipo, mbona hilo unaliruka? Hadi miaka ya 1980 vichanga walikuwa wakipasuliwa kwa ganzi kidogo mno, wengine kwa dawa ya kulegeza misuli tu, eti hawasikii maumivu kama sisi. Halafu yule dada wa Marekani aliyedhaniwa hana fahamu, akaambiwa awaze anacheza tenisi, na mashine ya kupiga picha ubongo ikaonyesha ubongo umeitika.

Fundo: Ni Uingereza, Kisima. Timu ya mtafiti Owen, 2006.

Kisima: Sawa, Uingereza. Ubongo uliitika au haukuitika?

Msumari: Mmoja! Mwaka 2010 watafiti wakapima wagonjwa 54 vivyo hivyo, ubongo ulioitika ni wa 5 tu. Mbona hao 49 huwataji?

Kisima: Kushindwa kipimo si kukosa fahamu. Na hao 5, kabla ya mashine, ungewaitaje?

Ngalawa: Uingereza hiyohiyo, sheria yao ya 2022 inawatambua pweza na kaa kuwa viumbe wenye hisia. Pweza!

Msumari: Basi kesho mtasema na programu za kompyuta zinaumia.

Ngalawa: Nani kataja kompyuta? Pweza ana neva, ukimjeruhi analinda kidonda chake. Usiruke.

Fundo: Jamani, swali lilikuwa la binadamu.

Ngalawa: Ni lilelile. Anayesema "huyu hahisi" mara nyingi ndiye mwenye kisu.

Msumari: Mimi sina kisu. BintiMzee, neno "gogo" nalifuta, lilikuwa baya. Hoja siifuti: hujui kama alisikia.

BintiMzee: Sijui, ni kweli. Wala yule muuguzi hakujua. Mimi ninachouliza ni kwa nini hakutoka nje ya mlango ndipo aseme.