Mapumziko ya pwani kutoka Moshi: jioni ya Pangani, ya Kendwa au ya Mombasa?

MamaWaRau
Wakuu, habari za jioni. Krismasi tunakula nyumbani kama kawaida, huwezi kumwambia bibi eti mwaka huu hampandi mlimani. Ila tarehe 27 wageni wakishaanza kushuka, mimi, mume wangu na marafiki wawili wa Arusha tunataka kwenda pwani kupumzika hadi mwaka mpya. Mchana haunisumbui, bahari ni bahari. Swali langu ni jioni: jua likizama, mtu anafanya nini? Mume wangu anataka kiti, upepo, samaki na mazungumzo. Wale wa Arusha wanataka muziki mpaka kuche. Tumebaki na Tanga/Pangani, Kendwa kule Unguja, au Mombasa kwa njia ya mpaka wa Holili. Dar hapana, foleni yake naijua.

ChaliiWaKijenge
Kendwa, funga mada. Ufukwe wa kule unatazama magharibi, jua unaliona linazama majini kabisa. Huko Pangani na Mombasa pwani inatazama mashariki, jua linazamia nyuma ya minazi wewe ukitazama giza linaingia baharini. Halafu baa ziko mchangani, unatoka hii unaingia ile pekupeku. Na Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu kuna ile sherehe ya hoteli ya Kendwa Rocks, watu wanakuja kutoka kisiwa kizima. Ndege ndogo zinaondoka hapa hapa Arusha, uwanja wa Kisongo.

DadaWaSakina
Kendwa ni nzuri, sibishi, lakini wiki ya mwisho ya Desemba bei inapanda hadi unajiuliza kama umenunua chumba au kiwanja. Hoteli moja huko ilitulazimisha kulipia chakula cha mkesha wa mwaka mpya, utake usitake, na hawakututajia wakati tunaweka nafasi. Ulizeni hilo kabla ya kutuma hela.

Mkiamua Unguja, shemeji apelekwe bustani ya Forodhani pale Mji Mkongwe. Jioni vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, watu wamejaa kuwatazama, na jua linazamia hapo hapo mbele yenu. Giza likiingia ndipo meza za chakula zinapamba moto: urojo, mishikaki, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole. Na ule mji ni wa watu wenye heshima zao, nguo za ufukweni ziishie ufukweni.

MtangaHalisi
Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, naishi Majengo Moshi, kwa hiyo sitajifanya sina upande.

ChaliiWaKijenge anasifia jua. Sawa. Lakini Ushongo, siku ya mwezi mpevu, wakati jua linazama nyuma yako, mwezi unachomoza baharini mbele yako, mwekundu, mkubwa. Kendwa hilo hulipati, mwezi unatokea upande wa nchi kavu. Na siku hizo ni za bamvua: maji yanajaa alasiri, kufika saa nne usiku yamekupwa mbali, ufukwe mpana, mchanga mgumu, unatembea na mbalamwezi bila tochi. Mkienda siku za giza, mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga huko nje, maana dagaa hawavuliwi kwenye mwezi.

Ushongo iko ng'ambo ya mto Pangani. Mnavuka kwa kivuko, kwa hiyo fikeni mapema, msije mkalala Pangani mjini bila kupanga. Muziki usitegemee. Kuna kiti, upepo na samaki, yaani shemeji ameshapata vyote alivyoomba.

Tanga mjini jioni ni Raskazone kupunga upepo, kisha Ngamiani kwenye zile barabara za namba, kahawa chungu na kashata barazani. Hao wa Arusha saa tatu watakuwa wanaangalia saa.

KibosheOnline
Saa tatu mbali, saa mbili 😂

DerevaWaHolili
Watu wa Moshi mna tabia ya kusahau kwamba Mombasa ni karibu kuliko Dar. Holili, Taveta, Voi, lami yote, ni kama kilomita 300. Dar ni zaidi ya 550. Usiku wa kweli wa ukanda huu uko Mtwapa, kaskazini mwa mji wa Mombasa, kule watu wanatoka nyumbani saa ambayo Moshi tumeshafunga mageti. Diani, upande wa kusini, ni tulivu zaidi, mchanga mweupe, na siku hizi huna lazima ya feri ya Likoni, unazungukia barabara ya Dongo Kundu.

Bebeni pasipoti na kadi ya homa ya manjano, huwa wanaiulizia. Gari liwe na bima ya COMESA, ile ya kuvuka mipaka. Na kipande cha Taveta hadi Voi msikiendeshe usiku, tembo wa Tsavo wanakatiza barabara.

MamaWaRau
Asanteni. ChaliiWaKijenge, nimeangalia kalenda. Mwezi mpevu wa Desemba 2026 ni tarehe 24, Alhamisi. Kwa hesabu yako sherehe inaangukia Jumamosi ya tarehe 26. Sisi siku hiyo bado tuko Rau tunaosha masufuria.

ChaliiWaKijenge
Duh. Toroka.

MtangaHalisi
Dada, hata Ushongo mwezi utakuwa umeanza kupungua, kila siku unachelewa karibu dakika hamsini. Tarehe 27 utachomoza karibu saa nne usiku, mmeshakula, mmekaa. Maji nayo yatakuwa yamejaa wakati wa magharibi, kwa hiyo mnaoga baharini kwanza, kula baadaye. Kwangu hiyo ni ratiba nzuri zaidi.

DerevaWaHolili
Mbona hamuoni mzunguko? Shukeni Same, Mombo, Korogwe, Segera hadi Tanga. Laleni Ushongo siku mbili, mzee apate mwezi wake. Rudini Tanga, shikeni barabara ya Horohoro, mnaingia Kenya kwa Lunga Lunga na Diani iko njia hiyo hiyo. Mkesha wa mwaka mpya Mtwapa. Kurudi, Voi na Holili, mchana. Hamrudii barabara, ukiacha ile ya Pangani na vipande vifupi vya Mtwapa na Himo.

DadaWaSakina
Na tarehe mosi nani ataendesha?

MamaWaRau
Tarehe mosi watu walale, tunaondoka tarehe pili asubuhi. Wa Arusha wamekubali kwa sharti kwamba Ushongo iwe siku mbili, isiwe tatu. Mume wangu amekubali kwa sharti kwamba Mtwapa yeye anabaki hotelini. MtangaHalisi, nakufuata inboksi kuhusu saa za kivuko.