Kuhamisha video za MTS kwenda MP4 bila kubana picha upya

Mkazi wa Katuba:
Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu. Ninazo video za jubilei ya ndoa ya wazazi wetu zilizopigwa kwa kamera ya AVCHD (mfumo wa kurekodi video wa kamera za nyumbani), na mafaili yote ni ya MTS. Televisheni ya nyumbani inasoma MP4 kutoka kwenye flashi, lakini MTS haiyaoni kabisa. Fundi mmoja wa mjini alinibadilishia faili moja: kazi ilichukua karibu usiku mzima, umeme ukakatika katikati akaanza upya, na mwishowe vitenge vya mama zetu vikatoka na ukungu, maua yake hayatambuliki tena. Je, ipo njia ya kupata MP4 huku picha ikibaki vilevile ilivyotoka kwenye kamera?

Fundi wa Kamalondo:
Njia ipo, ndugu yangu, na ni ya dakika chache tu. MTS na MP4 ni kontena, yaani mifuko ya kubebea picha na sauti. Ndani yake picha za AVCHD zimebanwa kwa mtindo uitwao H.264 na sauti kwa kawaida kwa ule uitwao AC-3, na vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya MP4. Kilichobaki ni kuhamisha unga kutoka mfuko mmoja hadi mwingine bila kuusaga tena. Programu ya bure iitwayo FFmpeg hufanya hivyo kwa amri hii:

ffmpeg -i 00001.MTS -map 0:v -map 0:a -c copy jubilei.mp4

Uzito wote uko kwenye "-c copy", inayoiamuru programu inakili mikondo ya picha na sauti kama ilivyo, na ndiyo maana kasi hutegemea diski kuliko prosesa. Wengi huandika "-map 0" ili wachukue kila kitu, lakini baadhi ya kamera huweka pia mkondo wa maandishi wa PGS, ambao MP4 haiukubali, na kazi hukwama kabla haijaanza. Televisheni ikionyesha picha bila sauti, AC-3 ndiyo inayoishinda. Hapo badilisha sauti peke yake kwa "-c:v copy -c:a aac -b:a 192k", na picha haitaguswa.

Mama wa Kampemba:
Papa fundi amesema vizuri, ila kuna jambo amelipita. Kamera nyingi za aina hiyo hukata tukio refu kuwa mafaili ya takriban GB 2, na ukihamisha kila kipande peke yake kisha ukaviunga, sauti inaweza kuruka penye kiungo. Unga kwanza MTS zenyewe (kwenye Windows: copy /b 00001.MTS+00002.MTS zote.MTS), ndipo uhamishe. Angalia na flashi yako: ikiwa imepangwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haitapokea faili linalozidi GB 4, wakati saa moja ya AVCHD kwa megabiti 17 kwa sekunde inapita GB 7. Mpangilio wa exFAT hauna kikwazo hicho, ingawa televisheni za zamani nyingi haziusomi, na kwa hizo ni afadhali kuacha vipande vilivyo. Kwa hifadhi ya kudumu mimi huchagua MKV, kontena nyingine, kwa sababu inapokea karibu kila aina ya mkondo, na MKVToolNix ina dirisha la kubofya kwa wasiopenda kuandika amri.

Mkazi wa Katuba:
Asanteni sana, Papa na Mama. Faili limetoka, televisheni inalisoma, na sauti ipo. Mwanzoni kuna kama dakika nzima kamera ikiwa imeelekezwa sakafuni. Naweza kuiondoa bila kubana?

Fundi wa Kamalondo:
Unaweza. Weka "-ss 00:01:05", yaani anzia dakika ya 1 na sekunde 5, kabla ya "-i". Ujue tu kwamba bila kubana upya, picha huanzia kwenye fremu kuu, ile isiyotegemea fremu nyingine, kwa hiyo sakafu kidogo inaweza kubaki. Mafaili ya MTS usiyafute: yaweke kwenye diski nyingine, na uandike tarehe ya sherehe katika jina la faili jipya, kwa kuwa kompyuta italiwekea tarehe ya leo.