Mzee kapata kiharusi, mashine ya kusaga ibaki kwa nani? Naombeni ushauri

Debe_la_Moro: Wakuu, poleni na majukumu. Mzee ana mashine ya kusaga na kukoboa hapa Morogoro tangu 1997. Mwezi wa tatu kiharusi kikampiga, hawezi kuongea. Leseni, TIN ya kodi, mita ya umeme ya LUKU, akaunti ya benki, vyote jina lake. Mwaka wa sita huu naendesha mimi. Sitaki biashara ife naye. Kubadili majina naanzia wapi? Matusi sitaki.

BintiKilosa: Pole. Jina la biashara lililosajiliwa kwa msajili, BRELA, si kitu tofauti na mwenyewe, na TIN ya mtu hairithiwi. Mngefungua kampuni akiwa mzima, hisa zingerithiwa, mashine ikaendelea kusaga. Watoto wake wangapi?

Kijiwe_Nongwa: Kilo ya dona bei gani hapo?

Nati_Tupu: Marehemu baba alikuwa na duka la spea Kariakoo. Alipofariki benki ikafunga akaunti mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Baba mdogo akashika funguo, eti kwa muda. Tunatoka mahakama ya mwanzo na barua yetu, rafu zina nati na kalenda. Mpaka leo ule mtaa sipiti.

BintiKilosa: Mtoa mada, watoto wangapi?

Debe_la_Moro: Wanne. Wawili wa kiume wako Dar, hata chekeche hawajui linabadilishwaje.

BintiKilosa: Wewe wa ngapi?

Debe_la_Moro: Mimi mkwe, nimemuoa wa mwisho. Ila msinihukumu. Mzee ndiye kanifundisha. Alikuwa akisikia mlio tu anajua nyundo zimelika. Hata sasa kalala chumba cha nyuma, mlio ukibadilika anainua mkono wa kushoto, nakimbia kuzima. Wanawe wanaujua huo mkono? Lipa namba ya kupokelea malipo ya simu nimeshaweka yangu, lakini ni kwa ajili ya wateja tu.

Abuu_Mizani: Astaghfirullah! Kwa Waislamu mkwe si mrithi, na hata ukiusiwa, mwisho theluthi. Rudisha hiyo lipa namba, waite shemeji zako Dar, mkae na mama mkwe, muandikiane mshahara wako na mgao wao. Mzee angali hai.

Kijiwe_Nongwa: Subirini kwanza. Si huyu huyu mwezi wa nane alifungua uzi wa kutafuta mchumba? "Sijawahi kuoa, nina bodaboda."

Debe_la_Moro: Aliazima simu shemeji yangu.

Nati_Tupu: Yupi, yule wa chekeche? 😂 Chai hii.

Kijiwe_Nongwa: Basi taja bei ya dona. Mwenye mashine hashindwi hilo.

Debe_la_Moro: Hatuuzi unga sisi, tunasaga kwa debe. Leta mahindi yako.

Nati_Tupu: Duh. Hilo jibu la mwenye mashine.

Kijiwe_Nongwa: Au la shemeji wa mwenye mashine.

Debe_la_Moro: Umeme umerudi, foleni imefika barabarani. Nitapita usiku.

BintiKilosa: Na lipa namba?